Vikwembe Vyeupe vya Yaya Béa

Yaya Béa,

Nimeiona ile Uholanzi yako. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Nimeiona, nimeitembea kwa miguu yangu hii inayovimba, na nakuambia kama mdogo wako wa tumbo moja: ulidanganywa.

Unakumbuka ulivyokuwa unawaambia wateja kule dukani mjini? Ulikuwa unashika pindo la kitambaa, unalisugua kati ya vidole, unalinusa, halafu unasema, "Mholanzi hana mchezo." Ulisema kama mtu aliyezaliwa kwao. Mimi nikikaa kwenye kigoda nyuma yako, nikisubiri ufunge twende zetu nyumbani Turffontein, nilikuwa naiona kabisa hiyo nchi. Wanawake warefu wanapita barabarani na vikwembe, vile vitenge vya Hollandais, vimewakaa kiunoni, waume zao wana mashati ya kitambaa kilekile, na watoto wamebebwa mgongoni kwa kipande kilichobaki. Nchi nzima imevaa kama iko harusini.

Yaya, wanavaa nyeusi. Nyeusi na kijivu, na buluu iliyokufa ya majaketi ya mvua. Siku zote nilizokaa kule sikumwona mwenyeji hata mmoja aliyevaa kile ulichokuwa unakiita fahari yao. Nywele zao kama nyuzi za mahindi, wanajikatia wenyewe jikoni, nina hakika, maana hakuna msusi anayejiheshimu anayeweza kumruhusu mtu atoke mlangoni vile. Na wote wako juu ya baiskeli. Mwalimu yuko juu ya baiskeli, daktari yuko juu ya baiskeli, bibi wa miaka ya kukaa na wajukuu anakukatia njia kwa baiskeli na kukupigia kengele kama wewe ndiye mbuzi.

Lakini nisikimbie. Kwanza nikupe habari za hapa Joburg, tangu ulipotuacha.

Duka lako sasa linauza vifuniko vya simu. Wamebandika taa za rangi zinazowaka na kuzimika, na wameng'oa zile rafu zako za mbao nzuri wakazitupa nje. Lile kanisa la ghorofa ya juu bado lipo, na mhubiri bado anapiga sakafu kwa kisigino mpaka vumbi linawaangukia wanunuzi. Mumeo, Papa Naomi, yuko Cape Town na mwanamke mwingine. Aliniletea picha yake kwenye simu, kana kwamba nilimwomba. Wigi alilovaa yule mama mimi nisingemvika hata ufagio.

Na Mama Clarisse wa kanisani, yule aliyelia kuliko wote kwenye mazishi yako mpaka watu wakamshika mikono. Vyombo vya msiba havijaoshwa, akaja jikoni kuniuliza kwa sauti ya upole kuhusu sanduku lako la chuma. Alisema wewe na yeye mlikuwa kama mapacha. Alisema ulimwahidi ile Hollandais ya ndege. Nyuma yake alikuwa binamu yetu Solange, naye ana madai yake. Nilisimama kwenye mlango wa chumba chako kama mlinzi wa benki, nikawaambia kila kitambaa kilichomo ndani ni cha mwanao Naomi, na atakayetaka kubishana aniondoe kwanza mimi. Tangu siku ile Clarisse aliacha kunisalimia, naye na Solange wakahamisha vichwa vyao kutoka saluni yangu kwenda nyingine. Unaona jinsi wanavyowasuka sasa, unasikitika. Lakini sanduku lilibaki zima. Vikwembe vyako vyote, havijakatwa, havijashonwa, vimekunjwa ulivyovikunja wewe, na naftalini katikati.

Naomi alipopata nafasi ya kwenda kusomea ubunifu Uholanzi, mimi ndiye niliyevipanga kwenye mabegi yake. Niliona ni jambo lenye maana. Nilisema moyoni, mtoto anazirudisha Hollandais kwao, na huko watu wakifungua lile begi watajua ni mtoto wa nani.

Sasa mwaka jana, mwezi wa kumi, alikuwa anamaliza. Shule yao ina desturi ya kuwaonyesha watu kazi za wanaohitimu, akaniomba niende. "Tantine, usipokuja sitakuwa na mtu," alisema kwenye simu, kwa kile Kiswahili chake cha kuokota. Basi nikafunga saluni. Nikaenda kupanga foleni ya viza, ambako binti mmoja nyuma ya kioo aliniuliza nitamhakikishia vipi kwamba nitarudi Afrika Kusini. Nilimtazama. Nilitaka kumjibu kwamba nina wateja, nina kiti changu kanisani na nina ndugu niliyemzika hapa, nibaki kwenu nifanye nini? Nikamwonyesha tu karatasi za saluni.

Naomi alikuja kunipokea uwanja wa ndege akiwa amenyoa kichwa. Amekinyoa chote, Yaya. Mtoto aliyekulia kwenye saluni ya mama yake mdogo. Aliniona ninavyomtazama, akacheka, akasema kule kusuka nywele ni bei ya kodi ya nyumba. Nilimkumbatia, maana amekonda na ana mabega yako, lakini kichwa nilikigusa kama mtu anayegusa ukuta uliobomoka.

Alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja anayeitwa Marijke, mji mdogo wa kusini. Nyumba ni nyembamba kama kitabu na ngazi zake zimesimama wima. Mtu anazipanda kwa mikono na miguu, halafu wanajiita mabingwa wa ubunifu. Madirisha hayana pazia. Jioni unapita njiani unaona watu wote sebuleni mwao, kila mmoja na taa moja nzuri na vyungu viwili vinavyofanana dirishani, wamekaa kimya. Nilimuuliza Naomi hawaogopi jicho la watu? Akaniambia wanataka kuonyesha kwamba hawana cha kuficha. Mimi niliona kwamba hawana cha kuonyesha.

Mama Marijke alitukaribisha kahawa. Akafungua kopo la biskuti, tukachukua moja moja, akalifunika. Akalirudisha kabatini. Nilidhani amesahau kitu ndani yake. Naomi akanikanyaga mguu chini ya meza. Chooni kwake kuna kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu zake, imetundikwa mbele ya macho yako unapokaa, ili uwakumbuke wapendwa wako wakati huo. Na mchana, watu wazima wenye nyumba na kazi wanakula mkate baridi wenye siagi na chembechembe za chokoleti juu yake. Mkate baridi, Yaya, na mvua inanyesha nje. Ule ugali uliokuwa unaupika Jumamosi na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, harufu ile peke yake ingewavunjia kioo cha dirisha.

Siku za kwanza Naomi alinitembeza, na nilimwona amejawa na fahari, kwa hiyo nilijitahidi. Tulienda Rotterdam kuona nyumba za manjano zilizosimamishwa kwa ncha, kama masanduku yaliyoanguka kutoka kwenye lori. Watu wanaishi ndani. Kuta zimelala, kabati haliwezi kukaa ukutani, na watalii wanalipa waone jinsi mwenzao anavyopata taabu. Tulienda makumbusho ya Amsterdam tukaona kiti cha mbao chekundu na buluu, kina jukwaa lake, kina taa yake na mlinzi wake. Nikauliza kinakaliwa lini. Naomi akasema hakikaliwi, Tantine, kimebadilisha historia ya viti. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Ningependa sana kuonana na hiyo historia.

Kisha akanipeleka kuona vile vigae vyao vyeupe na buluu, vyenye vinu vya upepo na watoto wanaovua samaki, ambavyo wanaviuza mpaka uwanja wa ndege. Hapo ndipo aliponiambia kitu ambacho nakupa wewe taratibu, kwa sababu najua kitakuuma. Vile vigae waliiga kwa Wachina. Vyombo vya Kichina vilipokuwa adimu, wakakaa chini wakaiga. Na Hollandais nayo, akasema, hawakuitunga wao. Waliiona Indonesia, wanawake wa kule wanachora nta kwa mikono. Wakaiiga kwa mashine ili wakawauzie walewale wenyewe, wale wakaikataa, ndipo ikaletwa kwetu.

Wewe uliyekuwa unawafukuza wateja waliokuja na kitambaa cha Kichina begani. Ulikuwa unawaambia, "Mama, hiyo ni picha ya kitambaa." Nilikumbuka sauti yako pale mbele ya vile vigae nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akasogea. Naomi akauliza nini. Nikamwambia mama yako alikuwa na bahati kwamba hakusoma.

Nilidhani hapo nimefika mwisho wa dharau yangu. Nilikuwa bado.

Siku ya maonyesho walifungua jengo lililokuwa kiwanda zamani. Mbona hapa kwetu Jeppestown tunayo majengo kama hayo mtaa mzima, na watu wanalala ndani yake bila taa, wala hakuna anayewaletea mvinyo kwenye sinia. Kijana mmoja alikuwa ametengeneza kiti kwa uyoga. Mwingine alikuwa na bakuli za samadi, safi, hazinuki, na watu wanazipitisha mkono kwa mkono. Msichana mmoja alifuma kizibao kwa nywele za watu alizokusanya kwenye saluni, na wageni wamekizunguka wanatikisa kichwa polepole kama wako kwenye maiti ya mkuu. Nilimwambia Naomi kwamba mimi kila jioni nafagia makumbusho mazima nayatupa kwenye pipa. Alicheka kidogo, lakini hakunitazama.

Akanishika kiwiko, akaniingiza kwenye chumba chake.

Yaya, kilikuwa chumba kikubwa chenye vitambaa vyeupe vinavyoning'inia kutoka darini hadi sakafuni. Watu walikuwa wanapita katikati yake kwa sauti ya chini. Nilifikiri ni mashuka. Nilifikiri mtoto wa dada yangu amesoma miaka miwili kule baridini akaishia kuanika mashuka, na nilikuwa tayari natafuta neno la kumsifu. Nikakishika kimoja. Vidole vikajua kabla ya kichwa. Ile pamba nzito, imekaza, ile uliyokuwa unaisugua. Nikasogea karibu na taa, nikaona kivuli chepesi, kama doa la chai lililofuliwa mara nyingi. Mkia wa ndege. Ilikuwa ile Hollandais ya ndege. Kando yake ilikuwa ile uliyoibatiza "Jirani Nunua Chako", miduara yake inaonekana kama mtu aliyepumua juu ya kioo. Zote. Sanduku lako lote. Alikuwa ameziondoa rangi.

Ukutani kulikuwa na chupa, zimejaa maji machafu ya buluu, kahawia na zambarau. Zile ndizo rangi zako. Na bango la Kiingereza lenye neno moja, maana yake Urithi.

Mama mmoja mwenye mkufu wa vifuniko vya chupa za plastiki alikuwa analia. Alimshika Naomi bega akamwambia kazi yake ni ya ujasiri sana. Mwalimu wake, mtu mrefu mwenye suruali fupi isiyofika kwenye vifundo, akanipa mkono, akaniuliza kwa Kiingereza ninajisikiaje kama mwanafamilia. Nilimgeukia Naomi nikamuuliza kwa Kiswahili amefanya nini. Akaanza kunieleza kwa Kiingereza, maneno marefu ya shule, kumbukumbu, biashara ya wakoloni, sijui nini.

Nikamwambia, "Mimi si mgeni wako. Nijibu kwa lugha ya mama yako."

Wale watu wakasogea karibu, wakitabasamu, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Halafu mtoto akanijibu, kwa kile Kiswahili chake chenye mashimo, na mimi nakuandikia kama alivyosema.

"Tantine, mama hakuvaa hizi. Alikuwa anavaa T-shirt. Ile ya hospitali, siku ya mwisho, baridi ilikuwa mingi. Mimi nikaenda nyumbani nikamletea hii ya ndege, nikasema nimfunike. Akakataa. Akasema rudisha, itachafuka hapa. Nikarudisha. Nikakuja tena, akakuwa amekufa, na ile blanketi ya hospitali. Ya kijivu. Imeandikwa jina ya hospitali."

Sikulijua hilo, Yaya. Mimi nilifika asubuhi, wameshakufunika uso. Hakuna aliyeniambia.

Nilimuuliza, kwa hiyo ukaamua kumfua mama yako? Akasema alitaka kuziosha tu, zitoke ile harufu ya sanduku, ili azitumie. Lakini kila akizitazama rangi zake anaona blanketi. Akaweka dawa. Rangi haikutoka. Akaweka dawa kali zaidi, haikutoka. Ilimchukua miezi, na mwisho bado vivuli vilibaki. Hapo, katikati ya hasira yangu, nikakuonea fahari kwa sekunde moja, kwa sababu ulisema siku zote, Hollandais haichuji. Kisha nikatoka nje ya lile jengo nikamwacha mtoto amesimama na wageni wake.

Asubuhi yake nilipanda treni peke yangu. Naomi alikuwa hajarudi chumbani. Alilala kwa rafiki yake, nadhani kwa kuniogopa. Kuna mji mmoja kule karibu ambako wanatengeneza na kuuza Hollandais, na nilikuwa nimeamua kukununulia nyingine. Usiniulize ningekupelekea wapi. Nilitaka tu niishike ikiwa na rangi.

Duka lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Vitambaa vimepangwa kama vitabu. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, sweta la kijivu, miwani kwenye kamba. Aliongea Kifaransa kizuri. Aliponisikia natoka Bukavu alifurahi, akasema Wakongo ndio wanaojua kuchagua. Tukazungumza. Baba yake alifanya kazi ya kuchapa vitambaa maisha yake yote, na babu yake pia. Nilimuuliza, basi wewe mwenyewe unazo ngapi nyumbani? Akashangaa. Akasema hakuwahi kuvaa hata moja. Kwake zina kelele nyingi mno. Nikamuuliza, na mama yako? Akacheka, akaweka mkono kifuani, akasema nyumbani kwao zilikuwepo nyingi tu, zile zenye kasoro ambazo baba alikuwa anapewa.

"Tulikuwa tunazitandika chini wakati wa kupaka rangi kuta," alisema.

Alisema bila ubaya wowote. Aliendelea kunikunjulia kitambaa kingine.

Nilitoka bila kununua. Nilikaa kwenye benchi la kituo, mvua ile yao isiyonyesha wala kukatika inanilowesha mabega, na nikawadharau wote. Niliwadharau wanaotandika sakafuni kile tulichoogopa kuvaa mwilini. Nilimdharau mwalimu wa suruali fupi, na mama wa vifuniko vya chupa aliyelilia kitu asichokijua. Halafu, na nakwambia kwa sababu sasa huwezi kununa, nikakudharau na wewe.

Nilikudharau sana, Yaya. Uliuza hizi nguo maisha yako yote, ukawavika mabibi harusi wa Joburg nzima, halafu wewe ukaenda kanisani kila Jumapili na sketi ya mtumba, ukisema siku yake itafika. Siku gani? Ubatizo wa Naomi ulipita. Harusi yangu ilipita, nikakusihi uvae ile ya miduara, ukasema si unajua divai inavyomwagika. Ukafika mahali unatetemeka kwa baridi kitandani, mwanao ameishika mkononi, na bado ukaionea huruma nguo kuliko ngozi yako. Umemwachia yule msichana picha ambayo mimi nisingemwachia adui. Na mimi ndiye niliyesimama mlangoni kulilinda lile sanduku, nikagombana na nusu ya kanisa, kana kwamba nakulinda wewe.

Nililia pale kituoni mpaka treni mbili zikapita. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kule mtu analia kwa amani, hilo nawapa.

Niliporudi, nilimkuta Naomi kwenye kile chumba cha maonyesho, na wanaume wawili na mwanamke mmoja kutoka makumbusho fulani. Walitaka kuvinunua vile vitambaa. Mwanamke alikuwa anaeleza jinsi watakavyovihifadhi, na alieleza kwa mapenzi kabisa: droo za chuma, giza, hewa ya baridi isiyobadilika, na mtu yeyote atakayetaka kuvigusa atavaa glavu. Vitakaa hivyo bila kuharibika hata miaka mia.

Naomi alinitazama. Sikusema kitu, Yaya, na unajua ilivyo vigumu kwangu. Nilijua ni pesa nyingi na ni jina lake litakaloandikwa. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo, uamuzi utakuwa wangu, na atakuja kunilaumu mimi badala ya wewe.

Akawaambia kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba anashukuru lakini haviuzwi. Mwanamke akauliza, basi utavifanya nini? Naomi akasema, "Tutavilalia."

Walidhani anatania. Wakasubiri acheke. Kisha wakaondoka na makaratasi yao, na yule mwalimu aliyekuwa mlangoni akatikisa kichwa kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Mimi nilivua viatu, nikapanda ngazi ya kutundikia, nikaanza kuviteremsha. Hatukuombana msamaha. Tulikunja, yeye anashika pindo hili na mimi lile, tunakutana katikati, kama ulivyotufundisha wote wawili kwa nyakati tofauti. Katikati ya kazi akaniuliza "kukunja" na "kukunjua" vinatofautianaje. Nikamweleza.

Tuligawana. Yeye amebaki na nusu kule, amezitandika kitandani, na nyingine ameishona gauni la nyumbani ambalo tayari lina doa la kahawa. Alinitumia picha ya doa. Nusu yangu ninayo hapa. Nimezifanya vitambaa vya saluni. Mteja akikaa namfunga shingoni Hollandais yako, na dawa ya nywele inadondokea juu yake, nyeusi, nyekundu, ile rangi ya shaba wanayoipenda sasa wasichana. Ndani ya miezi hii michache zimepata madoa ya kila aina. Mama Clarisse alikuja wiki iliyopita, maana yule msusi wake mpya amemkatia nywele za mbele. Nikamfunga ile ya ndege. Hakuitambua. Nilimsuka kimya, nikimtazama kwenye kioo, nikafurahi furaha mbaya sana, na sijaiungama mpaka leo.

Naomi amepata kazi kule, kwa hiyo atabaki kwenye mvua na mkate wake wa chokoleti. Siku hizi ananiandikia kwa Kiswahili kila Jumapili. Makosa yamejaa kama mawe kwenye mchele, lakini anaandika, na mimi namsahihisha, ananuna, anaandika tena. Desemba anakuja. Ameomba nimpeleke makaburini kwako, maana tangu tukuzike hajawahi kurudi pale.

Hapo ndipo nataka kukuahidi kitu, halafu nikuache upumzike. Nitampeleka. Tutashuka kwenye teksi, tutanunua maua getini kwa yule mama anayetuibia kila mara, na nitamwonyesha mstari wa kaburi lako. Halafu nitarudi nyuma, nitakaa kwenye ukuta mbali nanyi, na nitafunga mdomo wangu. Akikugombeza, atakugombeza. Atakosea maneno, na mimi sitamsahihisha. Wewe msikilize mpaka amalize.

Lala sasa, Yaya.

Mdogo wako,
Odette